Gumzo la ukoo: Je, wanamichezo wanalipwa kupita kiasi?

Baba Mdogo: Ndugu zangu, Desemba 2023 mchezaji wa besiboli Shohei Ohtani alikubaliana na Los Angeles Dodgers mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10. Naomba mnieleze anafanya kazi gani inayoizidi ya muuguzi anayekesha wodini.

Dada: Shikamoo Baba Mdogo. Hakuna anayesema inaizidi. Lakini fedha hizo hazikuchotwa katika bajeti ya hospitali yoyote. Zinatokana na haki za matangazo ya televisheni, tiketi, jezi na wadhamini, yaani zinatoka kwetu sisi tunaotazama. Mchezaji akipunguziwa leo, muuguzi haongezewi hata senti moja, na kinachosalia kinabaki kwa mwenye timu.

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Basi mwenye timu na ashushe bei ya tiketi.

Mjomba: Shemeji, enzi za mishahara midogo tumeshaziona. Huko Uingereza, hadi mwaka 1961, mwanasoka hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, hata kama maelfu kwa maelfu ya watu walilipa kiingilio ili wamtazame yeye. Ilibidi chama cha wachezaji, kikiongozwa na Jimmy Hill, kitishie mgomo ndipo kikomo hicho kikaondolewa, na Johnny Haynes wa Fulham akawa wa kwanza kulipwa pauni 100 kwa wiki. Hata baada ya hapo, klabu za Ulaya ziliweza kudai ada ya uhamisho kwa mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha, mpaka mwanasoka Mbelgiji Jean-Marc Bosman aliposhinda kesi yake mwaka 1995. Haki hizi zilipiganiwa, na mimi siwezi kuziita ulafi.

Baba Mdogo: Hilo la Bosman nalikubali bila kusita. Hata hivyo, kati ya pauni 20 na dola milioni 700 pana nafasi kubwa mno.

Shangazi: Mnazungumzia wachache walio kileleni, ilhali wanamichezo wengi hawapati hata fedha za kujikimu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki haitoi zawadi ya fedha kwa washindi. Shirikisho la Riadha la Dunia lilipoanza kutoa, katika michezo ya Paris mwaka 2024, lilitoa dola 50,000 kwa mshindi wa dhahabu peke yake. Aliyeshika nafasi ya pili, pengine kwa tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde, hakupata kitu. Na wanawake je? Mashindano ya tenisi ya Wimbledon yalisubiri hadi mwaka 2007 kusawazisha zawadi zao na za wanaume, ingawa mashindano ya wazi ya tenisi ya Marekani yalikuwa yamefanya hivyo tangu 1973.

Dada: Shangazi amegusa penyewe. Katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, wachezaji hupata takriban nusu ya mapato kwa makubaliano kati ya ligi na chama chao, na kuna kima cha chini ambacho hata mchezaji wa akiba analipwa. Lakini kuna michezo isiyo na makubaliano ya namna hiyo.

Baba Mdogo: Kima cha chini nakiunga mkono kwa moyo wote. Dola milioni 700 bado sizikubali.

Shangazi: Usizikubali, kaka yangu. Mimi ningeanza na yule aliyemaliza wa nane katika fainali.