Naomba ushauri: manukuu ya Kiswahili ya Love Island Marekani, msimu wa 1
Wakuu, msimu huu wa shindano la mapenzi la televisheni (CBS, 2019, vipindi 22, ulirekodiwa Fiji) unasumbua kwenye manukuu, yaani tafsiri inayoandikwa chini ya skrini. Kipimo ni mistari miwili, herufi 42 kila mstari. Mstari mfupi kama "Nimepata meseji!" hauna shida, sekunde moja inatosha. Kasheshe ni msimulizi: anaongea mbio, utani juu ya utani, na Kiswahili kina maneno marefu, ukitafsiri yote, maandishi yanapotea kabla hayajasomeka. Nikate utani, au nibaki na kichekesho cha mwisho tu?

Halafu ile siku washiriki wanapopanga wenza upya ("recoupling"), niandike "kubadili wenza" au "kuchaguana upya"? La kwanza linanukia usaliti, wakati mtu anaweza kumchagua yuleyule. Na kwenye fainali, mwenye bahasha ya dola 100,000 anaamua "kugawana" na mwenza wake au "kubeba zote". "Kubeba" si kali mno?