EEG (kipimo cha umeme wa ubongo): chaneli moja imejaa mawimbi ya 50 Hz, yale ya umeme wa ukutani

Wakuu, rekodi ya utafiti wa kifafa, T3 (elektrodi ya ubavuni kushoto mwa kichwa) peke yake imejaa mawimbi ya 50 Hz. Niwashe kichujio cha kuyaondoa niendelee?

— Usiwashe bado. Ingekuwa chaneli zote, ningeshuku elektrodi ya ardhi, ambayo chaneli zote huitegemea. Moja tu? Elektrodi imelegea. Pima ukinzani, ukizidi kilo-omu 5, ing'oe, sugua ngozi, paka pasta upya. Kidogo tu! Ikigusana na ya jirani, chaneli mbili zinasoma kitu kimoja.

— Naongezea: kichujio kinaficha tatizo tu. Elektrodi iliyolegea hurusha miiba (mawimbi mafupi yenye ncha kali) inayoweza kufanana na ya kifafa. Mwiba halisi husambaa, hivyo kivuli chake hafifu huonekana kwenye elektrodi jirani, F7 au T5. Uko T3 peke yake? Usiuhesabu.

— Kagua na waya, huwa unakatika ndani.