Nala SI "zawadi" kwa Kiswahili! Nimechoka na tovuti za majina ya watoto zinazotuzushia maana, na sisi wenyewe tunazimeza

Wanajamvi, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitazificha. Wiki tatu nimejizuia, nikasema zitapoa. Hazijapoa.

Mdogo wangu wa kiume amepata mtoto wa kwanza, binti, huko Dar es Salaam. Katika ukoo wetu, watu wa Pangani, binti wa kwanza huchukua jina la mama mzaa baba. Mama yetu anaitwa Tunu. Hakuna aliyeitisha kikao kwa sababu hakukuwa na cha kujadili. Mimba ilipofika miezi saba mama alinunua kitambaa cheupe cha pamba, akakata foronya ndogo ya mto wa mtoto, akaanza kudarizi herufi nne kwa uzi mwekundu: T, U, N, U. Macho yake yana mtoto wa jicho. Alikuwa anakaa barazani asubuhi kabla jua halijawa kali, ananipa sindano nimtungie uzi, kisha anashona kwa kupapasa. Ilimchukua zaidi ya mwezi. Ile U ya mwisho imepinda kidogo, akaifumua mara mbili, mara ya tatu akaiacha.

Siku ya saba tukaenda. Mama alipanda basi alfajiri na foronya yake ndani ya mkoba, imekunjwa kwenye khanga mpya. Akika ikasomwa, watu wakala. Mdogo wangu akasimama akasema mtoto anaitwa Nala.

Mama akauliza, "Nala?"

"Ndiyo mama, Nala."

"Wala nini?"

Hakuwa anatania. Mama yangu alisikia kile ambacho Mswahili yeyote wa pwani angesikia: nala, yaani ninakula. Akadhani mwanawe anasema bado yuko kwenye chakula. Chumba kikaangua kicheko, wifi yangu akainamisha uso, na mdogo wangu badala ya kuona haya akatoa simu mfukoni na kumsomea mama yake mzazi: "Asili: Kiswahili. Maana: zawadi." Akaongeza, "Mama, hili nalo ni la kwetu, ila la kisasa."

Mama hakusema kitu tena. Mkoba hakuufungua.

Sasa nisikilizeni. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, mwaka wa 14 huu. Hakuna neno "nala" la Kiswahili lenye maana ya zawadi. Halipo kwenye kamusi, halipo barazani, halipo kwenye tenzi. Kipo kitenzi. Ni ile njeo (wakati wa kitenzi) ya -a- tunayoisikia kwenye methali, chema chajiuza kibaya chajitembeza. Ukichukua "la" ya kula ukaitia nafsi ya kwanza unapata nala. Wala, ala, twala, mwala. Ni sentensi nzima hiyo, kama vile mtu anavyosema "naja" akiitwa. Ndiyo maana mama akajibu kwa sentensi.

Neno la zawadi tunalo, tena si moja. Zawadi yenyewe ni jina la watu, wanawake na wanaume. Hidaya ipo. Adia ipo, ya zamani kidogo, lakini iko kamusini. Na ipo Tunu. Tunu ni zaidi ya zawadi: ni kitu cha thamani, adimu, unachompa mtu kwa kumheshimu au unachokihifadhi kwa sababu hupati kingine. Mkisikia Rais amemtunuku mtu nishani, au mhitimu ametunukiwa shahada, ni ukoo huohuo wa neno. Rasimu ya Katiba ya mwaka 2013 ilipotaka kutaja mambo ambayo taifa hili linayathamini kuliko yote, utu, uzalendo, uadilifu, umoja na mengineyo, iliyaita Tunu za Taifa. Na moja ya hizo tunu ni lugha ya taifa! Lugha yenyewe hii ambayo mdogo wangu aliiuliza tovuti ya nje.

Hapo ndipo pananichoma. Hawa wazazi walikuwa wanatafuta jina la Kiswahili lenye maana ya zawadi. Walikuwa nalo. Lilikuwa limekaa pale kwenye mkeka, limevaa baibui, limesafiri tangu alfajiri. Wakaliruka wakaenda kuokota tafsiri ya uongo.

Nikarudi nyumbani nikafungua hizo tovuti mwenyewe, moja baada ya nyingine. Sentensi ni ileile. Hii imesema zawadi, ile ikasema zawadi, nyingine zawadi iliyofanikiwa, wamenakiliana hadi mpangilio wa maneno. Hakuna hata moja inayotoa mfano wa sentensi ya Kiswahili ambamo "nala" inatumika kwa maana hiyo. Hakuna, kwa sababu huwezi kuitunga. Jaribu: "Nimemletea bibi nala"? Nani anasema hivyo, Lamu, Unguja, Bukavu au Tabora?

Ubashiri wangu ni kwamba imeanzia kwenye The Lion King, ile filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1994. Mle ndani yapo majina ya Kiswahili kweli. Simba ni simba. Rafiki ni rafiki. Sarabi ni mazigazi, yale maji ya uongo unayoyaona barabarani jua likiwaka. Pumbaa ni kitenzi kupumbaa. Shenzi tunaijua wote, na sidhani kama kuna mzazi wa huku angempa mwanawe. Sasa mtu wa mbali akiona hayo yote ni Kiswahili, anadhani na Nala, yule simba jike, lazima awe Kiswahili. Akabaki na swali la maana. Mtu mmoja akaandika zawadi, wengine wakabeba.

Nala yenye historia inayojulikana iko India. Ni mfalme, mwanamume, mume wa Damayanti, kisa chake kimo ndani ya Mahabharata, utenzi wa kale wa huko: anacheza dadu, anapoteza ufalme wote, anamwacha mkewe msituni. Mzazi akisema nimechukua jina kutoka kisa hicho, nitamwelewa, hata kama ni jina la kiume. Na Nala ninayoijua mimi huku kwetu ni ile kata ya Dodoma, ukishika barabara ya kwenda Singida. Wanangu wa darasani waliotoka Dodoma walinicheka niliposema kuna watoto wanaitwa hivyo. Halafu kuna yule paka wa Instagram, Nala, mwenye wafuasi zaidi ya milioni nne, hadi ameandikwa kwenye rekodi za Guinness. Nimemwambia mdogo wangu hilo kwa simu. Alikata.

Na si Nala peke yake. Zuri limekuwa jina la watoto Marekani, wanaambiwa ni "mrembo" kwa Kiswahili. Neno ni letu, sawa, lakini zuri ni embe zuri, jicho zuri, gari zuri. Mtu ni mzuri. Jelani wanaandika ni Kiswahili, maana yake mwenye nguvu. Jilani ni nisba, yaani jina la kuonyesha mtu ametoka wapi, ya Sheikh Abdulkadir Jilani, asili yake ni Gilan huko Uajemi, na kila aliyekaa kwenye dhikri ya Kadiriya, tarika inayomfuata sheikh huyo, anajua hivyo. Hao wa Marekani siwalaumu sana. Wamenyang'anywa lugha za mababu zao utumwani, wanapotafuta jina la Afrika wanafanya jambo la heshima, na Imani, Nia, Amani wameyachukua vizuri kabisa kuliko sisi. Waliowauzia maana za kubuni ndio wa kulaumiwa.

Lakini wewe uliyezaliwa Pangani, uliyelelewa kwa "mwanangu njoo ule", wewe udhuru wako ni upi?

Nitawaambia ulivyo. Ni aibu. Wifi alilisema baadaye jikoni, kwa upole, hakujua kama limenichoma: Tunu ni jina la kibibi. Ndiyo, ni la kibibi, kwa sababu mabibi walikuwa watoto wakaitwa hivyo! Nikitazama daftari langu la mahudhurio, naona majina ya kutoka tamthilia za Kikorea na Kifilipino. Chausiku sijamwandika miaka mingapi sijui. Mwanaidi mmoja. Sikudhani, Subira, Mwanakombo, Siwatu, hakuna. Majina ambayo kila moja lilikuwa na habari ndani yake: huyu kazaliwa usiku, huyu kazaliwa siku ya Idi, huyu alikuja wazazi wameshakata tamaa. Mwana Kupona binti Mshamu alipomwandikia binti yake utendi mwaka 1858, jina la binti lilikuwa Mwana Hashima. Hebu yatamkeni. Nani kasema hayo hayapendezi? Nani katupima masikio akakuta hayasikii uzuri wake?

Sisemi mtu asimpe mwanawe jina analolipenda. Mpe Nala, mpe Bianca, mpe utakalo, useme nimelipenda lilivyo. Ninachokataa ni kusimama mbele ya mama mwenye miaka 74, ambaye hajazungumza lugha nyingine maishani mwake zaidi ya Kiswahili na Kizigua cha kuokoteza, ukamsomea kutoka kwenye simu maana ya neno la lugha yake. Na ukaiamini simu.

Wenye utaalamu wa mambo ya tovuti humu, naomba msaada wa kweli: hizo kurasa zina sehemu ya kutuma masahihisho. Nimejaza fomu sita. Nimejibiwa na moja, kwa ujumbe wa mashine. Kuna njia nyingine? Tukituma wengi, watasikia?

NYONGEZA: Naona mmeanza. Anayesema naingilia ndoa ya watu, mimi ni shangazi wa yule mtoto, na kwetu shangazi anaulizwa. Sikuulizwa. Anayesema lugha hukua, na Nala litakuwa zawadi tukilitumia: lugha hukua kwa wenye lugha kulihitaji neno. Zawadi, hidaya, adia na tunu zimepungukiwa nini hadi tuhitaji la tano? Anayeuliza mtoto anaitwaje sasa: cheti cha kuzaliwa bado hakijachukuliwa, ila kadi ya kliniki imeandikwa Nala. Mama akipiga simu anauliza, "Tunu kalala?" na mdogo wangu anajibu kalala. Hajawahi kumsahihisha.

Mdogo wangu, najua unapita humu. Foronya iko kwangu. Mama alinipa niiweke siku tuliyorudi, sijaifua, bado ina mikunjo ya mkoba. Ukija mwezi wa mfungo uje uichukue, hata kama cheti kitaandikwa vingine.