Ujiji kabla ya Kigoma: gumzo la kikundi cha familia

Kijana wa Shangazi: Shikamooni wazee wetu. Mwalimu ametupa kazi ya historia, na mwenzangu anashikilia kwamba Ujiji ni mtaa tu wa mji wa Kigoma. Nimjibu vipi?

Shangazi: Mwambie kwamba wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, walifikia Ujiji, kwa kuwa ndiko ilikokoma njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Soko la Ujiji liliuza samaki, mawese, chumvi ya Uvinza na pembe za ndovu, na fedha yake ilikuwa ushanga ulioitwa sofi, uliofanana na vipande vya mrija wa kiko na kutungwa kwenye uzi.

Kijana wa Shangazi: Sasa kwa nini Kigoma ikaipita?

Baba Mkubwa: Maji na reli, mwanangu. Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa upande wa Kongo, ulikuwa umeziba. Ulipozibuka katika miaka ya 1870, ziwa lilishuka kwa miaka mingi, na ufuko wa Ujiji, ambao ni tambarare, ukazidi kusogea mbali na nyumba. Ndiyo maana leo, ukitoka kwenye mnara wa Livingstone, alipokutana na Stanley mwaka 1871, inakubidi utembee kwanza ndipo uyafikie maji. Wajerumani walihitaji bandari yenye kina, wakachagua ghuba ya Kigoma, na reli ikafika huko mwaka 1914. Mizigo ikafuata reli, na wafanyabiashara wakafuata mizigo.

Mama Mdogo: Hata hivyo Ujiji haikuvunjwa wala kuhamishwa. Nyumba zilijengwa kidogo kidogo kupitia Mwanga, mtaa ulio kati ya Ujiji na Kigoma, hata abiria wa daladala leo hauoni mpaka, na manispaa ikabeba majina yote mawili, Kigoma/Ujiji. Huniuma sana mtu anapojaza fomu akaliacha hilo la pili.

Baba Mkubwa: Mwanangu, usiandike habari za pembe peke yake. Misafara hiyo ilipitisha pia watumwa waliotolewa ng'ambo ya ziwa kupelekwa pwani, na hao ndio ningependa uanze nao.

Kijana wa Shangazi: Je, wote walipelekwa pwani?

Shangazi: Hapana. Wapo waliobaki hapa hapa, na Wamanyema wengine, watu wa asili ya mashariki ya Kongo, walikuja kama wapagazi na wafanyabiashara, wakajenga, wakaoa. Bibi yako mzaa mama ni wa uzao huo, kwa hiyo kesho njoo umuulize mwenyewe, na uje na daftari.