Tupeane uzoefu: Cheo cha kanisani kinapowekwa kando, wewe ni nani mbele za Mungu?

Mwanzisha mada (mchungaji)

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu. Uzi huu ni kwa ajili ya wote waliopewa dhamana ya kuongoza kanisani, wawe wachungaji, wazee wa kanisa, mashemasi, viongozi wa kwaya au walimu wa watoto. Naomba kila mmoja asimulie jinsi anavyoulinda ukaribu wake na Mungu akiwa katikati ya utumishi, na tafadhali tusihubiriane. (Najua kumwomba mhubiri asihubiri ni kumtwika mzigo.)

Kinachonisukuma ni Marko 3:14, ambapo Yesu anawaweka wale kumi na wawili kwanza wawe pamoja naye, ndipo awatume kuhubiri. Wengi wetu tunaishi kinyume cha mpangilio huo: tunatumika kwanza, na kuwa pamoja naye kunasubiri muda ukibaki. Kwa upande wangu, tangu nilipoanza kuhubiri kila juma, nilikuwa siwezi tena kusoma sura yoyote ya Biblia bila kuanza kuigawa katika vichwa vya mahubiri. Sasa huwa ninachagua kitabu kimoja ambacho nimeazimia kutokihubiri, nikakisoma polepole bila kalamu wala daftari. Nilipomsoma Yeremia kwa namna hiyo, makemeo yake yalinifikia mimi mwenyewe, kwa sababu hapakuwa na washirika wa kuwapelekea.

Mchungaji mstaafu

Asante kwa mada, Mchungaji. Nilipokabidhi usharika, simu yangu ilinyamaza ghafla, na hilo nilikuwa nimelitarajia. Ambalo sikulitarajia ni kwamba nilipopiga magoti sikuwa na la kumwambia Mungu. Kwa miaka yote ya utumishi maombi yangu yalikuwa yamejaa wagonjwa, ndoa zenye mgogoro, ujenzi na vikao, na yalikuwa maombi ya kweli, wala siyajutii. Lakini orodha ile ilipopita mikononi mwa mwenzangu, nilibaki mbele za Baba yangu kama mgeni aliyekuja bila ajenda.

Zaburi ya 131 ndiyo iliyonifundisha kukaa kimya bila kuona aibu, kwa maana mtunzi wake anajiona kama mtoto aliyekwisha kuachishwa maziwa, anayetulia kifuani pa mama yake bila kutaka chochote. Baadaye nikatafakari upya ule ubatizo wa Yordani. Katika Injili ya Mathayo, sauti inayomtangaza Yesu kuwa Mwana mpendwa inasikika kabla hajahubiri hata mara moja na kabla hajamponya mtu yeyote. Nilikuwa nimeyafundisha maandiko hayo mara nyingi, lakini nikiwa bado kazini sikuona kwamba yananihusu.

Kiongozi wa umoja wa wanawake

Kwa heshima zote kwa baba zangu hawa wawili, naomba nitofautiane kidogo. Mkizungumzia ukaribu na Mungu, mnazungumzia faragha, ukimya na alfajiri. Mimi nina watoto wadogo na ajira, na alfajiri yangu si yangu. Mungu nimemjua zaidi nilipokuwa nikimgeuza mgonjwa kitandani na kumwogesha, na nilipoketi na waliofiwa nikiwa sina neno la kuwafariji, kuliko katika mafungo yoyote niliyohudhuria.

Kila tunapogusa jambo hili, Martha anasemwa vibaya. Katika Luka 10, Bwana anamwonya kwa sababu anafadhaika kwa ajili ya mambo mengi, wala sioni mahali anapomlaumu kwa kuandaa chakula. Tena ni Martha huyo huyo, katika Yohana 11:27, anayekiri kwamba Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu, akiwa katika msiba wa ndugu yake na kabla Lazaro hajafufuliwa. Mtu aliye mbali na Mungu hakiri hivyo. Kwa hiyo nisingependa tuwaambie watumishi waliochoka kwamba kazi yenyewe ndiyo inayowatenga na Mungu.

Mwanzisha mada

Mama, umenirekebisha vizuri. Niliandika kana kwamba kila kiongozi ana chumba chenye mlango wa kufunga. Swali langu kwako ni hili: unatambuaje pale utumishi unapoanza kukukausha?

Kiongozi wa umoja wa wanawake

Ninapoanza kukasirika kwamba wengine hawakuja kusaidia. Martha naye alianzia hapo.

Mwalimu wa chuo cha Biblia

Niongeze jambo kutoka historia ya kanisa. Mwaka 1145 mtawa aliyelelewa na Bernard wa Clairvaux, mkuu wa monasteri huko Ufaransa, alichaguliwa kuwa Papa, akaitwa Eugenius III. Bernard, badala ya kumsifu tu mwanafunzi wake, alimwandikia kwa hofu, akiona jinsi mashauri na kesi za watu zitakavyommeza tangu asubuhi hadi jioni. Hoja yake ilikuwa kwamba, ikiwa Papa ni mtumishi wa watu wote, basi naye ni mmoja wa hao wote, kwa hiyo anastahili kunywa katika kisima chake mwenyewe pamoja na wanaokuja kuchota. Naona hoja hiyo inawapatanisha waliotangulia, maana haimwamuru kiongozi aikimbie kazi, bali asijisahau miongoni mwa wanaohudumiwa.

Mke wa mchungaji

Mimi sina cheo kilichoandikwa popote, lakini watu wananiletea siri zao kana kwamba ninacho. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama mimi mwenyewe ninaomba. Nilimtafuta mama mmoja mzee wa usharika mwingine, ambaye haogopi kuniuliza hilo na ambaye ananiita kwa jina langu la ubatizo. Naweza kumwambia kwamba juma hili nimeimba bila kuamini nilichokuwa nikiimba, naye hashtuki wala hamwelezi mtu.

Aliyekuwa mzee wa kanisa

Niliondolewa katika baraza baada ya mvutano ambao sitaueleza hapa, nikaamua kubaki katika usharika ule ule. Nimeketi kwenye benchi la kawaida nikiwatazama wengine wakigawa vikombe vya meza ya Bwana, na ninakiri kwamba mwanzoni nilichokililia katika maombi kilikuwa heshima yangu. Katika 1 Samweli 15, Sauli anakiri dhambi yake na papo hapo anamsihi Samweli amheshimu mbele ya wazee wa Israeli. Nilimwelewa kabisa.

Mabadiliko yalikuja taratibu, hasa nilipoanza kumwombea kwa jina aliyechukua nafasi yangu. Sasa nimeombwa nirudi katika baraza, na bado sijajibu. Waliowahi kurudi baada ya kuondolewa, mlijuaje kwamba mnaitikia wito na si kutafuta kile mlichopoteza?

Mchungaji mstaafu

Ndugu yangu, sidhani kama mtu anaweza kulijua hilo akiwa peke yake. Mwulize huyo unayemwombea, kama mahusiano yenu yanaruhusu. Akikwambia usubiri, angalia moyo wako unavyolipokea jibu hilo, kisha urudi utusimulie.