Mwenyekiti wa vijana tawi na katibu, nani ana kauli?

Wakuu habari za jioni. Mimi nimepewa uenyekiti wa UVCCM (umoja wa vijana wa CCM) tawini kwetu juzi baada ya aliyekuwepo kuhamia Mwanza kikazi, sasa kila nikitaka kufanya kitu naambiwa subiri katibu wa wilaya, nikauliza kata nao wananiambia hivyohivyo. Mi najua mwenyekiti ndo amechaguliwa na wanachama, sasa huyu katibu nguvu kaitoa wapi? Naombeni mnieleweshe, nataka vijana wetu wafanye kazi sio kusubiri kampeni tu.

Mzee wa Kijani:
Hongera mdogo wangu. Iko hivi, ngazi zinaanza tawi, kata, wilaya, mkoa, taifa. Mwenyekiti anachaguliwa kwa miaka 5 ila kuanzia wilaya kwenda juu katibu ni mtumishi wa chama, anateuliwa na kupangiwa kituo, leo yuko hapa kesho anahamishiwa mkoa mwingine. Yeye ndo mtendaji, ofisi, mihuri, barua, orodha ya wanachama vyote viko kwake. Mwenyekiti anaongoza vikao. Kwa hiyo nguvu yako ni KIKAO, usimfuate katibu kwa mdomo, itisha kamati yako, andikeni muhtasari, upelekeni kata wao wapeleke wilaya. Kitu kikishaandikwa kwenye muhtasari ni vigumu sana kukikalia.

Binti Kariakoo:
Mzee kasema kweli tupu. Naongezea, watu wengi hawajui kwamba kwenye uchaguzi wa jumuiya hatuchagui mwenyekiti tu, kuna na wawakilishi wa kwenda jumuiya nyingine za chama, UWT ya wanawake na Wazazi, na wajumbe wa mkutano mkuu, na hao wajumbe ndo wanafuatwa sana uchaguzi wa juu ukikaribia maana kura ziko mikononi mwao. Na viti maalumu vya ubunge kundi la vijana vinapitia humuhumu UVCCM, ndo maana unaona watu wanapigania nafasi ambayo haina hata posho ya nauli. Inaniuma kwa kweli, kijana anakuja tawini anauliza kwanza nafasi ipi inampeleka Dodoma bungeni.

Mwana Kanda:
Mimi niko BAVICHA, vijana wa CHADEMA, kwetu haiitwi umoja ni baraza, kuna na BAWACHA ya wanawake na BAZECHA ya wazee, halafu juu ya mkoa tuna kanda. Shida ya tawi ni ileile, hela. Sisi tunachanga wenyewe, kila mtu anatoa alichonacho kwenye kikao na inasomwa palepale mbele ya wote, hakuna anayebaki na maswali.

Muuliza swali:
Asanteni sana wakubwa. Naitisha kamati Jumamosi, ajenda ya kwanza orodha ya wanachama maana hata idadi yetu hapa tawini hatuna. @Mzee wa Kijani nikikwama kwenye kuandika muhtasari nitakusumbua.

Mzee wa Kijani:
Karibu PM muda wowote, na mahudhurio wasaini wenyewe, usiwaandikie wewe.