Mrejesho: Kumzungumzia mama kwenye Misa ya mazishi

Niliuliza nimwelezee mama wakati gani katika Misa yake ya mazishi, na niseme nini. Mungu awabariki mlionijibu. Paroko alisema kama ninyi: homilia, yaani mahubiri ya Misa, si ya kumsifu marehemu, ila baada ya sala ya Komunyo, kabla ya buriani, mwanafamilia anaweza kusema machache.

Nikaacha ile orodha ya miaka na vyeo. Nikasimulia rozari yake tu: kumi la kwanza, yaani Salamu Maria kumi, alimwombea baba, kisha sisi watoto, kisha wajukuu, kila mmoja kwa jina. Makumi matano hayakututosha, akawa anaanza upya. Hapo sauti ikanikatika, kaka akanishika mkono.

Rozari anayo mjukuu wake wa mwisho. Novemba 2, siku ya Marehemu Wote, tutamwombea Misa.